Uzi: Ugonjwa mzito katika umri wa makamo, na kicheko kinachobaki nyumbani

Mleta mada:

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu na nitauandika kwa utulivu. Nina miaka 40 na ushee, nina mke, watoto wanaosoma, wazazi wazee wanaonitegemea na kazi isiyojua kusubiri. Nikiwa katika pilikapilika hizo niligundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana, nikafanyiwa upasuaji, nikawekewa mfuko tumboni, kisha nikaanzishiwa dawa za dripu ambazo sisi wagonjwa tunaziita kemo. Sikuja kusimulia matibabu. Nimekuja na hoja moja: mzaha juu ya ugonjwa una mwenyewe, na mwenyewe ni mgonjwa. Yeye ndiye anayefungua mlango, na wengine wanaingia kwa ruhusa yake. Nyumba inayolielewa hilo hurudishiwa kicheko chake, na kicheko hicho huwafanya watu waendelee kukuona wewe yule yule, baba, mume na rafiki, badala ya kukutazama kama marehemu mtarajiwa.

Ugonjwa mzito ukimpata mtoto, ukoo mzima humbeba. Ukimpata mzee wa miaka 85, watu hujiandaa kimoyomoyo. Mtu wa makamo unamkuta yeye ndiye mbebaji, wazazi wako upande mmoja na watoto upande wa pili, na ghafla hakuna anayejua mzigo uwekwe wapi. Kwa umri huu pia kila dalili ina kisingizio kilicho tayari, kwani uchovu husingiziwa kazi, mgongo husingiziwa kiti, na damu chooni husingiziwa bawasiri. Mimi nilikwenda kupimwa kwa sababu ya uchovu tu. Daktari alipoona majibu ya damu yanaonyesha upungufu wa madini ya chuma, alisema mwanamume wa umri wangu hapungukiwi chuma hivi hivi, lazima itafutwe mahali damu inapovujia, akaniandikia kipimo cha kamera cha utumbo mpana. Saratani hii kwa kawaida huanza na kivimbe kidogo kisicho na madhara, ambacho mara nyingi huchukua takriban miaka 10 kabla ya kugeuka, na kikionekana mapema hukatwa wakati huo huo wa kipimo. Kwa kuwa wagonjwa walio chini ya miaka 50 wamekuwa wakiongezeka, mwaka 2021 wataalamu wa kinga wa Marekani walishusha umri wa kuanza uchunguzi kutoka miaka 50 hadi 45, hata kwa mtu asiye na dalili yoyote. Wenzangu wa makamo, hilo lishikeni, kisha tuendelee.

Sasa nije kwenye mzaha wenyewe. Anayewekewa mfuko hutengenezewa stoma, yaani utumbo hutolewa nje kidogo kupitia tundu tumboni, na kinachoonekana ni kitu chekundu, chenye unyevunyevu kama ndani ya mdomo. Stoma haina msuli wa kubana. Kwa hiyo hewa hutoka saa inayotaka yenyewe, kwa sauti inayotaka yenyewe, na mwenye tumbo hana kura. Siku moja ndugu walikuwa wamejaa sebuleni, shangazi yangu anatoa nasaha kwa sauti ya chini kabisa, sote tumeinamisha vichwa, na mfuko ukanguruma kwa kirefu. Ukimya ulioshuka pale ulikuwa mzito kuliko ugonjwa. Nikasema, "Mheshimiwa ameomba mwongozo." Kijana wangu mkubwa, bila kuinua kichwa, akajibu, "Mwongozo umepokelewa, kiti kitautolea majibu baadaye." Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo stoma yangu inaitwa Mheshimiwa, na hata mdogo kabisa huuliza asubuhi kama Mheshimiwa ameamka salama.

Lakini wiki hizo hizo alikuja mtu ninayefanya naye kazi, mtu mwema kabisa, na kabla hajaketi akatupa utani wake kuhusu mfuko. Pengine ulikuwa mzuri kuliko wetu. Ulinichoma. Maneno yalifanana na yale ya nyumbani, ila mimi na yeye tulikuwa hatujafungua mlango huo.

Mchangiaji wa kwanza:

Kaka, pole sana, na hongera kwa kuandika. Mimi niko upande wa pili wa kitanda. Mume wangu figo zimefeli, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Ni mcheshi tangu ujana wetu na ndilo lililonivutia kwake. Anaaga watoto kwa kusema anakwenda kuoshewa injini. Shida yangu ni kwamba kila nikitaka tuzungumze kuhusu ada za watoto, hati ya nyumba, au kuhusu ndugu gani apimwe kwa ajili ya kumchangia figo, naye hutoa kichekesho, tunacheka, na mazungumzo yanaishia hapo. Nimeanza kuuchukia ucheshi wake, na kuuchukia kunanipa uchungu. Kwa hoja yako kwamba mzaha ni wa mgonjwa, mimi nisemeje?

Mleta mada:

Dada yangu, ahsante, umenigusa mahali ambapo uzi wangu ulikuwa bado haujafika. Mzaha ni wa mgonjwa, lakini hati ya nyumba ni yenu wote. Upo mzaha unaofungua mazungumzo na upo unaoyafunga, na mtu anaweza kuwa na yote miwili katika saa moja. Namna ya kuutambua unaofunga ni kwamba baada ya kucheka, mnajikuta mbali zaidi na jambo kuliko mlipokuwa kabla.

Usimnyang'anye ucheshi, wala usimkalishe kikao. Wanaume wengi, nami nikiwemo, tukikalishwa ana kwa ana tunahisi tunasomewa mashtaka. Tumia zile saa nne za kwenye mashine kama hali yake siku hiyo inaruhusu, mmekaa ubavu kwa ubavu na hakuna pa kukimbilia. Uliza swali moja tu, dogo, lenye jibu la mahali au tarehe: hati iko wapi, namba ya siri ya akaunti ni ipi, ndugu yupi tumwambie kwanza. Akitania, cheka kwa dhati, kisha rudia swali lile lile kwa sauti ile ile: "Nimecheka, mume wangu. Hati iko wapi?" Mke wangu alinifanyia hivyo hivyo, na nilijibu swali la tatu kwa sababu vichekesho viliniishia. Jambo zito la wosia tulilifikia kwa vijiswali vya namna hiyo, na sikumbuki siku ambayo tuliketi rasmi kuliamua.

Na wewe pia una haki ya kucheka kwako, mbali na yeye. Mke wangu na dada yake wana mizaha yao juu yangu ambayo sijawahi kuisikia, najua ipo kwa sababu nikiingia jikoni wananyamaza. Sijauliza.

Mchangiaji wa pili:

Habari zenu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya saratani na ninaomba kuongeza jambo ambalo mleta mada hajaligusa. Mgonjwa mcheshi hupunjwa dawa za maumivu. Tunapopita vitandani tunauliza maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi, na mcheshi husema, "Mbili, nesi, na hizo mbili ni za mke wangu." Wote wanacheka, tunaandika mbili, tunakwenda kwa mwingine. Ukirudi usiku wa manane unamkuta amejikunja, shuka limelowa jasho. Daktari anaipanga dozi kwa kile tulichoandika. Kwa hiyo ndugu anayemhudumia awe na jicho: je, anageuka kitandani bila kusita, anamaliza sahani yake, analala usingizi wa kuunganisha? Haya yaelezeni kwetu hata kama mgonjwa anawakonyeza mnyamaze.

La pili ni homa. Kemo huziua seli zinazogawanyika haraka, na hiyo ndiyo sababu nywele hutoka na mdomo hufanya vidonda, lakini pia hushusha seli nyeupe za damu, zile zinazopambana na maambukizi, ambazo kwa dawa nyingi hufikia chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Kipindi hicho joto likifika nyuzi 38, hata kama anajisikia vizuri na anapiga soga, ni dharura ya hospitali saa hiyo hiyo. Msimpe kwanza dawa ya kushusha homa mkasubiri asubuhi. Na mgeni mwenye mafua, hata awe rafiki wa karibu kiasi gani, acheke naye kwa simu.

Mchangiaji wa tatu:

Mkuu, nakuheshimu, lakini naona hatari ya kuwaambia watu kwamba kicheko kinatibu. Nimewahi kuona familia ikimlazimisha mgonjwa "awe na mtazamo chanya", na hali ilipozidi kuwa mbaya, alihisi ameshindwa mtihani. Tusije tukamwongezea mgonjwa kazi ya kuwa shujaa.

Mleta mada:

Tuko pamoja, na naomba nisieleweke vibaya. Kicheko hakipunguzi uvimbe. Watu wengi hupenda kumtaja Norman Cousins, mhariri wa Marekani aliyeugua ugonjwa mkali wa viungo mwaka 1964 na miaka 12 baadaye akaeleza katika jarida maarufu la tiba kwamba dakika 10 za kicheko cha kweli zilimpa angalau saa 2 za usingizi usio na maumivu. Ushuhuda wake ni wa mtu mmoja, ambaye sambamba na vichekesho alikuwa pia akitumia vitamini C kwa wingi, na hauwezi kuthibitisha tiba. Ila angalieni alichodai: usingizi wa saa 2. Anayejua maumivu ya usiku hadharau saa 2. Na kuhusu maumivu kuna ushahidi mwingine kidogo. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford, ambapo watu walipimwa uvumilivu wao wa maumivu kabla na baada ya kutazama vichekesho. Waliocheka walivumilia zaidi, watafiti wakalihusisha jambo hilo na endofini, kemikali za kutuliza maumivu ambazo mwili hutengeneza wenyewe, na kicheko kilikuja kwa wingi zaidi pale watu walipokuwa pamoja kuliko mtu akiwa peke yake. Hapo ndipo nadai ninachodai: kicheko kinahitaji watu, na watu ndio ugonjwa unaowafukuza.

Kuhusu ushujaa, nakubaliana nawe kwa herufi kubwa. Kuna siku mimi sina mzaha hata mmoja. Kwetu tumekubaliana ishara: nikisema "Bunge limeahirishwa", hakuna utani, hakuna maswali, na hakuna wa kunifariji. Mtu ananiletea maji na kukaa. Mgonjwa anayelia ana adabu sawasawa na mgonjwa anayetania, na yeyote atakayemwambia ajikaze aombwe kutoka nje kwa upole.

Mchangiaji wa nne:

Ndugu mleta mada, rafiki yangu wa tangu shule alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia hauna nguvu na maneno yanatoka kwa shida. Tulikuwa watu wa kutaniana kila siku. Sasa nikifika nashindwa niseme nini, nakaa kidogo, naondoka, na kila mara naacha ujumbe kwamba akihitaji chochote aniambie. Hajawahi kuniambia. Je, nimtanie kama zamani? Na vipi kuhusu watoto wake, ambao naona wanafichwa hali halisi?

Mleta mada:

Bwana, huyo hatakuambia. "Ukihitaji chochote" ni kumpa mgonjwa kazi nyingine: afikirie anachohitaji, apime kama hakikuzidi uwezo wako, kisha ajishushe kuomba. Wewe chagua jambo moja lenye siku na saa, mwambie mkewe utalifanya, ulifanye mpaka wakuzoee. Rafiki zangu waligawana bila kuniuliza. Mmoja huwapeleka wanangu shule siku za dripu, mwingine hukaa nami kliniki ili mke wangu alale, na wa tatu, ambaye hawezi kukaa na mgonjwa hata kidogo kwa sababu anatetemeka akiona sindano, alipewa kazi ya kujibu simu za ukoo. Ndiye anayewaeleza watu majibu ya vipimo, ili mke wangu asisimulie habari ile ile mara ishirini kwa jioni moja. Huyo wa tatu ametusaidia kuliko wote.

Kuhusu maneno, kuna utaratibu ulioelezwa mwaka 2013 katika gazeti la Los Angeles Times na Susan Silk, mtaalamu wa saikolojia, pamoja na Barry Goldman. Chora duara na umweke mgonjwa katikati. Duara linalofuata ni la mke au mume, kisha watoto, wazazi na ndugu, kisha marafiki, kisha watu wa kazini. Anayeongea na mtu aliye ndani zaidi ya duara lake apeleke faraja tu. Hofu yake, kulia kwake na kulalamika kwake avipeleke kwa walio nje zaidi. Mimi nauongezea mzaha katika mchoro huo huo: mzaha juu ya ugonjwa uanzie katikati na usambae kwenda nje. Kutoka nje kuja ndani, leta mizaha juu ya mambo mengine yote. Mtanie juu ya timu yake iliyofungwa, juu ya bosi wenu wa zamani, juu ya upara wako mwenyewe. Mkono wake usiuguse mpaka yeye auguse.

Kwa mtu aliyepata kiharusi kuna jambo moja zaidi. Maneno yanaweza kuwa mazito mdomoni huku akili ikiwa timamu kabisa, kwa hiyo usiongee naye kama mtoto, usimmalizie sentensi, na ukimtania mpe muda wa kurudisha. Wewe ulizoea jibu la papo hapo, sasa litachukua nusu dakika. Subiri hiyo nusu dakika bila kuangalia simu.

Watoto waambiwe, kwa kipimo cha umri wao. Jina halisi la ugonjwa litajwe, kwa sababu watalisikia kwa jirani, na wadogo waelezwe wazi kwamba hauambukizi na kwamba si wao waliousababisha. Watoto wadogo hujilaumu kimyakimya kuliko tunavyodhani. Wangu walipoelezwa ndipo walipoanza kutania. Moja ya dawa zangu, oksaliplatini, huufanya mwili usistahimili baridi, hivi kwamba kwa siku kadhaa baada ya dripu nikigusa chuma cha jokofu vidole hupigwa kama na umeme, na hata maji ya bomba hunikaba koo. Kwa hiyo hufungua jokofu nikiwa nimevaa glavu. Binti yangu alinikuta usiku, mkono wenye glavu uko ndani ya jokofu, akawaita wenzake: "Amkeni, mwizi amepatikana, anafanana na baba." Mtoto aliyefichwa asingeweza kusema hivyo, angeziogopa zile glavu.

Mchangiaji wa tano:

Shikamoo kaka. Ndugu zetu hawajui mipaka. Kila anayekuja kumwona dada yangu huuliza, "Madaktari wamempa muda gani?" Mnawajibuje? Tena kwa upande wetu tumeambiwa kwamba ugonjwa wake hautapona, utadhibitiwa tu. Je, mambo haya ya kucheka bado yana nafasi?

Mleta mada:

Marahaba, mdogo wangu, na poleni. Mimi huwajibu, "Wamenipa hadi Alhamisi, nina miadi saa tatu." Wenye kuelewa huelewa. Kuhusu namba zenyewe, Stephen Jay Gould, mwanasayansi wa Marekani, alikuwa na miaka 40 mwaka 1982 alipoambiwa ana saratani adimu ya utando wa tumbo ambayo nusu ya wagonjwa wake walikuwa wakifariki ndani ya miezi 8. Kwa kuwa alizijua takwimu, aliona kwamba miezi 8 ni mstari wa katikati tu: nusu nyingine huishi zaidi, na baadhi yao huishi zaidi sana. Aliishi miaka 20 baada ya hapo, na saratani iliyomuua mwaka 2002 ilikuwa nyingine. Simtaji ili mjipe matumaini ya uongo, kwani wengine wako upande wa kwanza wa mstari. Namtaja kwa sababu namba ya kundi haimwambii mtu mmoja tarehe yake, na mgeni anayeiulizia mlangoni anaomba kitu ambacho hata daktari hana.

Kuhusu nafasi ya kicheko, sina mamlaka ya kumsemea dada yako. Mwulizeni yeye, na msishangae akiwatania juu ya mazishi yake mwenyewe. Akifanya hivyo msimzibe mdomo kwa "usiseme hivyo", maana pengine ndiyo njia pekee aliyoipata ya kuwaeleza anachokitaka. Namwomba muuguzi aeleze kuhusu tiba shufaa.

Mchangiaji wa pili:

Nashukuru. Watu wengi husikia tiba shufaa wakadhani ni kupelekwa kufa. Kazi yetu ni kudhibiti maumivu, kichefuchefu, kubanwa pumzi, hofu na mizigo ya familia, na inaweza kwenda sambamba na matibabu mengine tangu mwanzo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 uliwafuatilia wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Walioanzishiwa tiba shufaa mapema walikuwa na maisha bora zaidi na unyonge mdogo wa moyo, na kwa wastani wa katikati waliishi miezi 11.6 ilhali wenzao waliishi 8.9, ingawa walipewa matibabu machache ya kushambulia ugonjwa siku za mwisho.

Dada yako asisubiri alemewe. Katika miadi ijayo mwambieni daktari kwamba mnaomba kuonana na timu ya tiba shufaa, na mwende na karatasi yenye dalili tatu zinazomsumbua zaidi kwa mpangilio anaoutaka yeye. Mwulizeni pia mapema kama angependa mwingie naye chumbani, au mumsubiri nje.